Mama anaipenda picha ya baba, wachoraji wenzangu wanaikosoa

Jambo Mama Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 27. Mchana ninauza dawa katika farmasi ya mtu, usiku ninachora sura za watu kwa penseli. Sikupita shule yoyote ya sanaa. Nilianza kwa kuiga picha ndogo za vitambulisho, halafu nikawa nawachora wateja waliokuwa wakingoja dawa zao, nyuma ya maboksi matupu. Watu walisifu, nami nikaendelea.

Baba yetu alifariki kiangazi cha mwaka juzi. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, mwenye upara na masikio makubwa ambayo sisi watoto tulizoea kuyavuta akisinzia. Siku ya kuondoa kilio ilipokaribia, nilitaka nyumba iwe na picha yake kubwa. Picha nzuri ilikuwa moja tu, ya studio, imetundikwa juu sana ukutani kwa shangazi yangu Ruashi, naye hakutaka ishushwe. Niliipiga kwa simu nikiwa nimesimama chini yake. Nikaichora usiku baada ya usiku, umeme ukikatika nawasha tochi. Mama yangu alipoiona alinyamaza kitambo, kisha akaigusa shavuni na kusema: "Amerudi na kicheko chake cha upande mmoja." Akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika sebuleni mkabala na mlango. Kila mgeni anayeingia lazima asimuliwe habari za yule mzee.

Baada ya hapo kazi zilianza kuja, hasa kutoka kwa watu wa kanisani. Ndipo kaka ya mwenzangu wa kazini aliponipeleka kwa wachoraji wanaokutana Jumamosi jioni katika parsela (kiwanja) moja ya Kamalondo. Kila mmoja anabandika karatasi yake ukutani, wengine wanasema wanachokiona. Karibu wote ni wanaume. Mkubwa wao, tunayemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, amechora miaka mingi na mkono wake ni wa ajabu. Anaweza kukuweka kwenye karatasi kabla hujamaliza soda yako. Mwanzoni walinipokea vizuri. Walinifundisha kupima kwa penseli huku nimefumba jicho moja, kujua lini nishike penseli ya HB, ya ugumu wa kati, na lini 6B, laini na nyeusi zaidi, kuacha kusugua kivuli kwa kidole. Kusema kweli, nimepata kwao mambo ambayo peke yangu nisingeyapata.

Kisha nikawapelekea nakala ya picha ya baba. Niliwaambia ni baba yangu. Yaya aliitazama, akachukua penseli nyekundu, akaanza kupiga mistari juu yake: macho yako juu mno, paji limekatwa, masikio yamezidi urefu, mdomo umekwenda kombo, meno yamechorwa moja moja. Kila mstari wenzake wakaitikia kwa kichwa. Kijana mmoja akasema: "Huyu mzee hana mahali pa kuweka ubongo." Wote wakacheka. Nami nilicheka, Mama. Nilicheka pamoja nao.

Usiku ule niliipima ile picha nyumbani. Walikuwa sahihi. Tangu hapo nikiingia sebuleni simwoni baba, naona makosa tu. Mama akimwonyesha mgeni, mimi natazama sakafu.

Nikachora nyingine kwa kufuata yote waliyosema. Jumamosi iliyofuata walinipigia makofi, na Yaya akasema sasa naanza kuwa mchoraji. Nikamwonyesha mama bila kumweleza ni ya nini. Aliitazama, akasema: "Umeichora vizuri sana. Lakini huyu ni mdogo wake."

Kuna na mengine. Yaya ana mazoea ya kuchukua karatasi yangu na kuirekebisha kwa mkono wake. Mteja mmoja alisifu jicho katika picha ya mtoto wake, na jicho lile sikulichora mimi. Nilipokea pesa nikanyamaza. Mteja mwingine alitaka binti yake "awe mweupe kidogo". Nilifanya, na kundi zima likanisema.

Sasa mkono umeganda. Nina kazi ya wazee wawili wanaotimiza miaka 50 ya ndoa. Malipo ya kwanza nimeshayala, na karatasi bado tupu. Kila nikianza mstari nasikia sauti ya Yaya. Dada yangu anasema niachane na watu hao, wananionea wivu. Rafiki yangu wa kundini anasema anayekimbia kukosolewa hakui. Niondoke au nibaki? Na ile picha ya sebuleni, niishushe niweke iliyo sahihi? Nimwamini nani, mama au wenzangu?

Mwenye penseli, Katuba

*

Binti yangu wa Katuba,

Kwanza pole kwa kufiwa. Umeniuliza habari za kuchora, lakini barua yako imejaa kilio kutoka mwanzo hadi mwisho, na sishangai. Ulikesha na uso wa baba yako, mstari kwa mstari, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa njia yako ya kumuaga. Kisha karatasi hiyohiyo ikabandikwa ukutani mbele ya watu ambao kazi yao siku ya Jumamosi ni kutafuta palipokosewa. Msiba na mafunzo ya ufundi vilikutana juu ya uso mmoja. Ningekuwa wewe, nami ningetazama sakafu.

Kuna jambo hukuliandika. Unasema uliwaambia kuwa ni baba yako. Je, uliwaambia kuwa ni marehemu? Kwetu marehemu hafanyiwi mzaha mbele ya mwanawe, na kijana yule analijua hilo kama tunavyolijua sisi sote. Kama alijua, amekukosea, na una haki ya kumwambia hivyo kwa utulivu, hata kama siku zimepita. Kama hakujua, basi alidhani anacheka mchoro, nawe ukasikia anamcheka baba yako. Sina njia ya kujua ni lipi. Wewe unayo.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana mimi pia huchora sura za watu na siwezi kulipita hili haraka. Unasema walikuwa sahihi. Walikuwa sahihi kuhusu nini hasa?

Kuhusu macho, ndiyo. Ukipima kichwa cha mtu mzima kuanzia utosini hadi kidevuni, macho hukaa karibu katikati kabisa. Karibu kila anayeanza huyapandisha juu, kwa sababu akili inakimbilia macho na mdomo, na paji inaliona kama mahali patupu pasipo na la kusema. Kwa mtu mwenye upara kosa hilo halina nywele za kuficha. Kwa hiyo kilichochekwa ni kosa ambalo hata yule aliyecheka alilifanya siku zake za kwanza, na Yaya vilevile. Halisemi lolote kuhusu kipaji chako, wala kuhusu mapenzi yako kwa mzazi wako.

Lakini rudi nyuma kidogo. Unasema ulipiga picha ya studio kwa simu ukiwa umesimama chini yake. Kitu kilichotundikwa juu ukikipiga kutoka chini, sehemu ya juu inakuwa mbali zaidi na simu, nayo inatoka ndogo kuliko ilivyo. Paji la baba yako huenda lilikuwa limeshapunguzwa kabla hujashika penseli. Yaya aliona tokeo. Chanzo hakuweza kukiona, kwa kuwa hakujua ulivyoipata picha. Ulichora kwa uaminifu kile simu ilichokupa. Nenda tena kwa shangazi, panda kiti, shika simu sambamba na picha, kisha linganisha. Sisemi kosa lote litaondoka. Ila utajua ni kiasi gani ni chako na ni kiasi gani ni cha simu.

Na masikio? Hapo ninasita. Kanuni inasema sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Ni kanuni nzuri, mimi huitumia. Lakini ni wastani wa watu wengi, na zaidi inafaa kwa mtu wa umri wa kati. Masikio huendelea kurefuka uzeeni, ndewe hulegea na kushuka. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba baba yako alikuwa na masikio makubwa mliyoyavuta mkiwa watoto. Yaya hakuyavuta. Alipoyaona marefu alidhani umekosea, nawe ukayafupisha. Mdomo nao ulikuwa kombo, ukaunyoosha. Nadhani ndicho kile kicheko cha upande mmoja ambacho mama yako alikitambua kabla ya kitu kingine chochote. Ukamrudishia mzee masikio ya kijana na mdomo usio na historia. Mama akatazama akasema ni mdogo wake. Binti yangu, huo ni uhakiki mkali kuliko wote uliopata mwaka huu! Hakusema "sipendi". Alikuambia nasaba ipo, mifupa ya ukoo ipo, ila umri na mtu mwenyewe havipo.

Kwa hiyo unaponiuliza umwamini nani, mama au wenzako, natamani kwanza tulitazame swali lenyewe. Umewaweka kama mashahidi wawili wanaopingana, mmoja lazima awe mwongo. Mimi naona kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake hawezi kulijua. Wale wa Kamalondo wanajua kichwa cha binadamu. Mama yako anakijua kichwa kimoja, na amekula nacho bukari (ugali) maisha yake yote ya ndoa. Kufanana kwa sura kunakaa katika yale ambayo mtu huyu anatofautiana na kanuni: kope moja iliyolala, nafasi kati ya pua na mdomo, bega linaloshuka. Bila kanuni huoni tofauti hizo zinaanzia wapi. Bila anayemjua mtu, unazifuta ukidhani ni makosa.

Mjadala huu haukuanza kwenu, mji huu umeujua zamani. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyokuja kujulikana kwa jina la Hangar. Hakutaka kuwapa vijana wake mifano ya Ulaya waiige; aliwaacha kila mmoja atafute mkono wake. Pili Pili Mulongoy akachora ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga akajaza karatasi kwa mistari midogo iliyolala sambamba, Bela akapaka rangi kwa vidole. Miaka mitano baadaye, 1951, Laurent Moonens akaanzisha chuo cha sanaa katika mji huohuo, na huko mtu alifundishwa kuchora kama inavyofundishwa shuleni. Njia zote mbili zilizaa wachoraji. Na usidhani njia ya Hangar haikuwa na mkubwa wa kusema hiki ndiyo na hiki hapana: anayechagua kazi gani zisifiwe naye anaelekeza mkono, hata akinyamaza.

Mfikirie pia Tshibumba Kanda-Matulu, mwana wa mji huu, aliyechora historia ya nchi yetu katika picha zipatazo mia moja kati ya 1973 na 1974. Lumumba wake humtambui kwa vipimo vya fuvu. Unamtambua kwa miwani, kwa nywele zilizogawanywa upande, kwa ndevu za kidevuni, na kwa jinsi anavyosimama mbele ya watu. Miaka ile picha za ukumbusho zilitundikwa katika sebule za wafanyakazi wa hapa ili mgeni aulize na mwenye nyumba asimulie. Sasa soma tena ulichoandika kuhusu mama yako na wageni wake. Picha yako inafanya kazi hiyohiyo, na inaifanya vizuri.

Kwa sababu hiyo nakuomba usiharakishe kuishusha. Ulimpa mama, ni yake. Unaweza kuiacha ilipo na kuendelea na yako, ingawa najua utaendelea kuona yale macho kila ukipita, angalau kwa muda. Unaweza kuibadilisha, hatari yake ni kwamba mama atapoteza uso aliokwisha kuuzoea na kuletewa shemeji yake. Unaweza kuchora ya tatu, macho mahali pake, masikio yake yote na kicheko chake, kisha umwachie mama achague, au azitundike zote. Lolote utakalofanya, fikiri mara mbili kabla ya kumweleza kasoro za ile ya kwanza. Wewe ulielezwa, na tangu siku hiyo huwezi kuacha kuziona. Yeye bado anamwona mumewe.

Kama utachora ya tatu, mkalishe mama karibu nawe tangu mwanzo. Usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri, wewe ni mwanawe. Muulize mambo madogo. Alipokuwa anacheka, jicho gani lilifumba zaidi? Nyusi zake zilikutana? Pua ilipanuka? Atajibu kwa mikono yake, akiigiza sura, na utaona vitu ambavyo picha ya studio haina. Inaweza kumliza. Inaweza pia kumfurahisha kuulizwa. Unamjua kuliko mimi.

Sasa kundi. Dada yako anasema ni wivu. Sijaona wivu katika ulichoniandikia. Watu wenye wivu hawakufundishi kupima kwa penseli, wala hawapigi makofi unapofanya vizuri. Rafiki yako naye anasema anayekimbia kukosolewa hakui. Kuna ukweli ndani yake, lakini sikuona ukikimbia. Uliwapelekea picha iliyo karibu zaidi na moyo wako, ukaipima usiku uleule, ukaichora upya. Huko si kukimbia.

Kinachonitia wasiwasi ni mkono wa Yaya juu ya karatasi yako. Kukuambia "tazama taya, limekuwa pana" ni kukufundisha kuona. Kulichora yeye mwenyewe ni jambo jingine: jicho lako halijifunzi, na mteja anasifu kazi isiyo yako, nawe unabaki na pesa inayokuwasha mkononi. Pengine Yaya haoni ubaya wowote, kwa kuwa ndivyo naye alivyofundishwa. Ukitaka kulisema, lisemee kando, kabla wengine hawajafika, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa. Kuna njia isiyomnyang'anya nafasi yake: mpelekee karatasi nyembamba ile ya wachora ramani, inayoonyesha kilicho chini, umwombe aiweke juu ya mchoro wako na kusahihisha hapo. Utapata masahihisho yake yote, na karatasi yako itabaki yako. Anaweza kufurahi. Anaweza pia kuona umeanza kiburi, na Jumamosi chache zikawa baridi, hasa ukiwa mwanamke karibu peke yako kati ya wanaume. Hilo silipuuzi, na sitakuambia ni gharama ndogo.

Jambo jingine unaloweza kujaribu ni kubandika swali pamoja na karatasi. Watu wakiachiwa uso mzima bila swali, kila mtu husema linalomjia kwanza, na kwa kawaida ni makosa yanayoonekana upesi. Ukisema, "Leo naomba mnitazamie kivuli cha chini ya mdomo, nahisi kimekaa vibaya lakini sijui kwa nini," utaona mazungumzo yanabadilika. Hata yule kijana atalazimika kutazama kabla ya kusema. Na si kila karatasi lazima ipande ukutani. Zipo za kujifunzia, hizo wape wazichambue watakavyo. Zipo za moyoni, hizo kaa nazo nyumbani mpaka zipoe, au zisitoke kabisa.

Ukiamua kuondoka, sitakulaumu, lakini ujue unachokiacha. Jicho huzoea makosa yake lenyewe; baada ya siku kadhaa mchoro uliopinda unauona umenyooka. Wachoraji wametafuta dawa ya hilo tangu kale. Leonardo da Vinci alishauri mchoraji atazame kazi yake kwenye kioo, kwa kuwa ikigeuzwa unaiona kama kazi ya mtu mwingine, na palipopinda panajitokeza. Unaweza pia kuigeuza juu chini, au kukunja macho mpaka ubaki unaona giza na mwanga tu. Hizo zinasaidia sana, nazitumia, lakini haziwezi kukuambia usichokijua. Ipo pia njia ya katikati, kwenda mara moja moja, na siku nyingine ukakaa na yule rafiki yako mmoja mkachorana uso kwa uso. Sijui kundi lenu lingelichukuliaje; makundi mengine hayapendi mtu wa mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Kuhusu yule binti aliyetakiwa awe mweupe, nitasema kidogo. Wapo wanaoomba hivyo kwa kuidharau rangi yao, na hapo ni wewe na dhamiri yako, ukijua kwamba ukikataa unaweza kumpoteza mteja. Lakini wengine wanaomba kwa sababu wamezoea kuona ngozi nyeusi ikichorwa vibaya: penseli imesuguliwa uso mzima kwa giza moja, mtu anaonekana amepakwa masizi. Ngozi yetu inang'aa. Acha karatasi yenyewe ionekane kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua. Giza zito lihifadhi kwa matundu ya pua na mstari kati ya midomo. Weupe wa macho usiuache mweupe kabisa, nao una kivuli cha kope. Meno yachore kama umbo moja lenye mwanga, ukionyesha mipaka kidogo tu pembeni, la sivyo yatatoka kama punje za mahindi. Ukimwonyesha mteja ngozi iliyochorwa hivyo kabla hajaomba chochote, huenda ombi lenyewe lisije. Kundi lako lilikuwa na la kukufundisha hapo, badala yake likakusema. Unaweza kuwauliza sasa.

Wazee wako wa ndoa ya miaka 50 wanasubiri, na pesa yao umeshaila, kwa hiyo hilo haliwezi kungoja mpaka moyo utulie. Unaweza kuwaomba muda, unaweza kutafuta namna ya kuwarudishia. Unaweza pia kuwaomba kitu ambacho pengine hakuna aliyewahi kuwaomba: wakae mbele yako, mchana, karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande mmoja. Naona hujachora mtu aliye hai kwa muda mrefu. Barua yako yote ni picha za picha. Watasogea, watazungumza, mmoja atamsahihisha mwenzake habari ya mwaka fulani, nawe utalazimika kufuata nyuso zao bila nafasi ya kusikiliza sauti nyingine. Karatasi za kwanza zitaharibika, wala hawana haja ya kuziona. Chukua zile zenye uhai, kazimalizie nyumbani. Kama zitapitia Kamalondo kabla ya kuwafikia wenyewe au la, amua wewe siku hiyo.

Niandikie tena, hasa unieleze mama amejibu nini ukimuuliza habari ya ule mdomo.

Wako,
Mama Mshauri